Hifadhidata Ijaribiwe Pale Itakapotumika

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja alinijia ofisini akiwa amenywea. Alikuwa ametunga programu ya kuhifadhi kamusi ndogo ya Kikuyu na kuijaribu kwa majuma kadhaa katika tarakilishi yake akitumia SQLite. Kila jaribio lilifaulu. Siku ya kuihamishia kwenye seva ya MySQL, mbele ya watahini, neno ĩta, yaani kuita, lilikataliwa kwa madai kwamba limekwisha kuandikwa. Lililokuwa limeandikwa ni ita, yaani kumwaga.

Tangu toleo la 8.0 la mwaka 2018, MySQL isipoagizwa vinginevyo hulinganisha maneno bila kujali alama zilizo juu ya irabu, wala herufi kubwa na ndogo. SQLite, kwa upande wake, hulinganisha herufi kwa herufi. Alama ile ndogo, ambayo kwetu wanaisimu hutenga irabu mbili, ilionekana katika injini moja na kupuuzwa katika nyingine.

Wapo wenzangu wanaoshikilia kuwa SQL ni lugha moja, basi ukijaribu popote yatosha. Naam, ni moja jinsi Kiswahili kilivyo kimoja. Mmvita akikwambia "ndoo" anakuita uje. Mtu wa Unguja atakwenda kukuletea chombo cha maji.

Isitoshe, SQLite ni mpole kupita kiasi. Safu uliyoitangaza kuwa ya nambari itapokea neno bila ya kulalamika, na kikomo cha herufi 20 hakiizuii kupokea 200. Uhusiano baina ya majedwali hailindi mpaka iagizwe, tena kila inapofunguliwa upya. PostgreSQL ingeyakataa hayo yote. Hata kusafisha baada ya jaribio hutofautiana: ukitangua muamala, PostgreSQL hulifuta jedwali lililoundwa ndani yake, ilhali MySQL huliacha likasubiri kuvuruga jaribio lifuatalo.

Sikatai kwamba SQLite ni nyepesi, haihitaji seva, na mwenye tarakilishi kuukuu huimudu. Na aanzie hapo. Lakini PostgreSQL na MySQL hupatikana bila malipo, na kwa Docker mwanafunzi aweza kusimamisha kila injini, akaunda hifadhidata tupu, akaijaza maneno yale yale, akaendesha majaribio yale yale, kisha akaibomoa. Maneno hayo yawe na ĩ, ũ na ng', si majina ya Kiingereza yanayonakiliwa vitabuni. Nionavyo mimi, mradi wowote usioonyesha majaribio hayo katika injini utakayotumia haufai kufikishwa mbele ya watahini, nasi wasimamizi ndio wa kwanza kulaumiwa.

Mwanafunzi yule alibadili kanuni ya ulinganishaji alasiri ile ile, na maneno yote mawili yakaingia. Alama zake zilikuwa zimekwisha kutolewa.