Utamaduni wa Kazi Upimwe Langoni

Na Njeri Kamau

Kampuni zetu za Thika na Ruiru zimeanza kupenda kujilinganisha na wengine kwa utamaduni wa kazi. Mshauri analetwa kutoka Nairobi, hojaji zinatumwa kwa barua pepe, na baada ya wiki chache wakurugenzi wanaonyeshwa jedwali: sisi tuko hapa, kampuni bora duniani ziko pale. Kujilinganisha si vibaya. Kinachoniudhi ni kwamba anayeachwa nje ni yule anayeijua kampuni kuliko wote, kibarua.

Kibarua hana barua pepe ya kampuni. Hata hojaji ingemfikia, ingekuwa kwa Kiingereza cha ofisini. Ilhali yeye hulinganisha kila uchao. Simama nje ya lango la kiwanda pale Ruiru saa kumi na mbili asubuhi uwasikilize wanavyoulizana. Kule ulikokuwa, saa za ziada mlilipwa? Supavaiza wa huko anatukana? Mtoto akiugua ukaomba ruhusa, utarudi ukute nafasi yako? Anayeingia mahali pabaya anaingia akijua, kwa kuwa nyumbani unga umeisha.

Tena kipimo tunacho. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Wapo waajiri wanaoijua vizuri sheria hiyo, ndiyo maana mtu akikaribia mwezi anaambiwa apumzike kidogo, kisha anaitwa upya kama mgeni. Kampuni yenye mazoea hayo ikipata alama nzuri za utamaduni wa kazi, alama hizo ni za ofisini tu. Kifungu cha 6 nacho kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Muulize mama anayefungasha bidhaa usiku kama amewahi kusomewa sera hiyo.

Thika inajua kinachotokea wafanyakazi wasiposikilizwa mapema. Mwaka 1999, shirika la kutetea haki za binadamu la KHRC na wanaharakati wa Italia walianzisha kampeni kuhusu hali ya wafanyakazi katika mashamba ya mananasi ya Del Monte. Wanunuzi wa Italia wakaombwa wasusie mananasi hayo. Mwaka 2001 kampuni ikatia sahihi makubaliano ya kurekebisha mambo. Malalamiko yalilazimika kuvuka bahari ndipo yasikike hapa nyumbani!

Mameneja wa rasilimali watu, nawaomba hivi: kabla ya kulipa mshauri mwingine, andikeni maswali kumi kwa Kiswahili, myapeleke kwa vibarua bila supavaiza kusimama karibu, wala msiwaulize majina. Majibu yao yasomwe mbele ya wakurugenzi kabla ya jedwali lolote.