Fumbo la Mbao Litangulie Stuli



Kijana akifika miaka 14 au 15 na kukhitimu msahafu, mara nyingi miguu yake huanza kuwa mizito kuja madrasa. Huona hapa ni pahala pa wadogo. Sisi walimu tunaona dawa mojawapo ni kumpa kazi ya mikono ambayo wadogo hao wataifaidi, na tunayoipendekeza ni fumbo la mbao.

Lipo moja lililobuniwa na Piet Hein wa Denmark, liitwalo Soma. Vipande vyake ni 7: kimoja cha michemraba 3, na sita vya michemraba 4 kila kimoja, jumla michemraba 27. Vikipangwa sawasawa huwa mchemraba mmoja mkubwa, na njia za kuvipanga ni 240. Ufito mmoja wa mbao wa sentimita 3 kwa 3, wenye urefu wa mita 1, watosha. Kilichobaki ni msumeno wa mkono, skwea, msasa, gundi ya mbao na mtu mzima wa kumsimamia.

Wako watakaouliza: kwa nini mchezo, asianze na stuli? Jibu letu ni kwamba stuli huficha makosa. Mguu ukiwa mfupi huwekewa kipande cha kadibodi, watu wakakaa. Fumbo halikubali hayo. Mchemraba mmoja ukizidi milimita 1 na mwenziwe ukapungua milimita 1, vipande havikai. Hapo kijana huliona kosa lake mwenyewe bila ya kukaripiwa, na hasara yake ni kipande kimoja, si ubao mzima.

Wengine husema useremala ni kazi ya aliyeshindwa shule. Hao tunawakumbusha kuwa Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim.

Basi rai yetu ni hii: kila mwanafunzi wa darasa la juu, mvulana na msichana, atengeneze fumbo moja kabla ya kufunga madrasa kwa Ramadhani, alikabidhi kwa darasa la wadogo likiwa ndani ya kijifuko chenye jina lake. Mwenye kazi yake mikononi mwa watoto ana sababu ya kurudi.

Wabillahi tawfiq.