Ulimi wa Duka Ukikabidhiwa Mtambo

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya daftari ya madeni. Baadhi ya vijana wametuuliza: Je, na duka lisilo mlango, lililomo ndani ya simu tu, nalo lina adabu zake? Twasema naam, linazo, na pengine ni nyingi kuliko za duka la mtaani. Leo tutashika moja tu, nayo ni khabari ya mitambo ijiendeshayo, ambayo siku hizi hujibu wateja na kutoa matangazo pasipo mwenye duka kunyanyua kidole.

Na tuanze kwa yaliyotupata wenyewe. Tulikuwa tumeagiza kanzu nne kwa fundi mmoja, kwa ajili ya harusi ya kijana wetu. Kabla ya siku kuwadia, shemeji yetu alifariki dunia, na harusi ikaahirishwa. Tukamwandikia fundi kwa WhatsApp kumwarifu msiba na kumwomba asimamishe kazi. Hata hatujaiweka simu chini, jibu likaja: “Ahsante kwa ujumbe wako! Tumefurahi kukuhudumia!” na pembeni yake sura za kucheka na maua. Siku ya pili, hali watu wangali matangani, ukaja ujumbe mwingine: “Bado twakusubiri! Maliza malipo leo upate kofia bure.” Wazee waliokuwapo wakausoma wakakasirika, na mmoja wao akaapa kwamba hapana mtu wa nyumba ile atakayevaa tena kanzu ya fundi yule.

Fundi mwenyewe, naye ni mzee wa heshima, hakuwa na khabari ya lolote. Alipopashwa alikuja kwa miguu baada ya sala ya Alasiri, akatoa mkono wa pole, akaomba radhi, akakaa nasi hata Magharibi. Tulipomwuliza ni nani aliyetuandikia maneno yale, aliinamisha kichwa akasema, “Si mtu, ndugu yangu. Ni simu.”

Mzee yule alisema hivyo kwa haya. Wako waliosema mfano wake pasipo haya. Mwaka 2022 mtu mmoja huko Kanada alifiwa na bibi yake, akauliza mtambo wa majibu katika tovuti ya Air Canada khabari za nauli ya wenye msiba. Mtambo ukamjibu kwamba anunue tikiti, kisha aombe punguzo ndani ya siku 90. Alipoomba alikataliwa, akaambiwa ya kuwa kanuni ya kampuni siyo hiyo. Shauri lilipofika mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia, kampuni ilijitetea kana kwamba mtambo ule ni nafsi mbali, yenye kujibu kwa matendo yake yenyewe. Mwezi wa Februari 2024 baraza lilikataa hoja hiyo, likaamuru alipwe takriban dola 812 za Kanada. Fedha hizo ni kidogo kwa kampuni ya ndege, lakini neno lililoamuliwa ni kubwa: linenwalo kwa jina la duka limenenwa na mwenye duka.

Tukirudi kwa fundi wetu, yafaa tuseme na upande wa mwanawe, maana ndiye aliyeuweka mtambo, nasi hatupendi kumhukumu kijana pasipo kumsikia. Baba haoni vema maandishi ya simu. Wateja huandika hata saa 6 za usiku, wakiuliza bei ya darizi, na asiyejibiwa upesi huhamia duka jingine. WhatsApp ya biashara, iliyotolewa mwaka 2018, inampa mwenye duka salamu ya kujituma yenyewe na jibu la wakati ambapo duka limefungwa. Kijana akaona ni msaada, na ni msaada kweli. Kosa lake ni kwamba aliuvika mtambo furaha isiyokuwapo. Laiti jibu lingekuwa: “Ujumbe wako umefika. Jibu hili limetumwa na simu yenyewe, duka hufunguliwa saa 2 asubuhi, nasi tutakujibu,” lingemfaa mwenye harusi na mwenye msiba sawasawa.

Na jambo la pili, ambalo ndilo huwakumba hata wakubwa, ni tangazo lililopangwa kabla. Mama wa nyumbani auzaye visheti na kaimati hukaa Jumapili usiku akapanga matangazo ya juma zima, yatoke yenyewe hali yeye yuko jikoni. Hilo ni jema, na lampunguzia taabu. Lakini dunia haingoji ratiba ya mtu. Mwezi wa Januari 2013 wakaguzi wa vyakula wa Ireland walitangaza kwamba wameona nyama ya farasi ndani ya vyakula vilivyouzwa kwa jina la nyama ya ng'ombe. Katika aina moja iliyouzwa na Tesco ilifika asilimia 29. (Na katika aina 27 walizozipima, 23 zilikuwa na alama za nguruwe, jambo lililowahusu Waislamu wa huko khasa.) Siku chache baadaye ukurasa wa Tesco katika Twitter ukawaaga wateja kwa msemo wa Kiingereza wa kwenda kulala, ambao maneno yake hutaja majani makavu, yaani chakula cha farasi. Watu wakadhani wanafanyiwa mzaha. Tesco wakaomba radhi wakieleza kwamba ujumbe ule ulipangwa kabla ya khabari kuzuka. Hapana shaka walisema kweli. Lakini msomaji aliye na hasira hajui ulipangwa lini. Yeye ameuona leo.

Vivyo hivyo, tarehe 9 Novemba 2022, programu ya KFC ya Ujerumani iliwatumia watu ujumbe wa kuwaalika wale kuku na jibini kwa kuadhimisha usiku ule wa mwaka 1938, ambao masinagogi yalichomwa moto na maduka ya Mayahudi yakavunjwa. Kampuni ilieleza kwamba mtambo wake umefungamanishwa na kalenda za siku mashuhuri. Kalenda huijua tarehe, wala haijui kama ni siku ya kilio au ya kicheko.

Hapa twawaomba vijana wetu waizingatie Idi. Tumeona maduka yakiwapa wateja mkono wa Idi jioni ya mwezi 29, hali watu wako juu ya mapaa wakitazama mwezi haujaonekana, na asubuhi yake wengine wamefunga. Na hutokea mtaa mmoja kufungua siku mbili mbali. Salamu hiyo na iandikwe mapema ukipenda, lakini kidole cha kuituma kiwe cha mtu.

Liko na la kununua kelele: programu za kupenda picha za watu na kuandika “Mashaallah, nzuri!” chini ya kila kitu, usiku na mchana, ili duka lionekane lina wenzi wengi. Instagram ilitangaza mwezi wa Novemba 2018 kwamba itayaondoa mapenzi na maneno ya namna hiyo. Mwenye kuzitumia huwapa watu asiowajua neno lake la siri, kisha hushangaa ukurasa umepotea. Nasi twasema waziwazi, kumsifu mtu kwa kitu ambacho hukukiona ni uwongo, ujapokuwa mdogo.

Neno la siri lenyewe lisikae kwa kijana mmoja peke yake. Fundi wetu hakuweza kuuzima mtambo kwa kuwa mwanawe alikuwa safarini, na lau tusingempigia simu ungaliendelea kututakia furaha hata arobaini.

Harusi ilifanyika baada ya miezi mitatu, na kanzu zilishonwa na fundi yule yule, maana aliyeapa alilainika. Tulipomwandikia juu ya vipimo, tulijibiwa baada ya saa nne nzima, kwa maneno matatu, mawili yamekosewa herufi: “Nimeona ndungu yagu.”