Mwandishi Si Kichaa, Bwana!

Kila nikimpa mtu hadithi yangu ya mama anayezungumza na mwanawe aliyekwisha kuzikwa, naambiwa: "Kaka, nenda ukaombewe." Eti anayeandika kichaa, kichaa ni yeye!

Hebu sikieni. Juni 1948 jarida la The New Yorker la Marekani lilichapa "The Lottery", hadithi ya Shirley Jackson. Wanakijiji wanataniana, wanachomoa vikaratasi sandukuni. Atakayepata chenye alama nyeusi anapigwa mawe. Hakuna jini wala mzimu. Majirani tu! Msimu ule alipata barua zaidi ya 300: mshangao, maswali, matusi. Hata mama yake mzazi alimwandikia kuwa hawakuipenda.

Lakini walioniogopesha mimi ni wale waliouliza bahati nasibu hiyo huchezwa wapi, ili wakaitazame. Jamani! Sasa hapo wa kuombewa ni nani?

Msomaji akikosa usingizi namwelewa, tena (niseme kweli) nafurahi kidogo. Ila asinipe dawa mimi. Mama yule simfuti hata mstari. Asiyemtaka anirudishie daftari langu, maana nakala ni hiyo hiyo moja.