Ishu ana mdomo, na nampenda hivyo hivyo

Jamani, someni Hani and Ishu's Guide to Fake Dating cha Adiba Jaigirdar (2021). Wasichana wawili Wabengali, Dublin. Marafiki wa Hani hawaamini kwamba anapenda wasichana pia, basi anadai yuko na Ishu. Ishu anakubali: anautaka ukiranja mkuu, na shuleni hapendwi.

Ishu ana kiburi, ulimi wembe. Hani anameza kila kitu asiwaudhi rafiki zake, mpaka unataka kumtikisa. Raha yenyewe hiyo! Sisi watoto wa huku tunaambiwa "usituaibishe" kila siku, kama mabalozi. Na msichana Mwislamu anayependa wasichana, vitabuni kazi yake kulia tu. Hani wazazi wake wanajua, wanampenda vile vile.

Ila huyo Aisling! Mkisoma mtanielewa.