Akaombewe Nani?

Jumapili iliyopita mchungaji wetu alihubiri juu ya mambo ya ubatili. Akagusa pombe, akagusa kubeti, nami nikawa naitikia amina. Mara akasema amesikia kuna kina mama huko Marekani, watu wazima na miwani yao, wanakusanya midoli myeusi na kuiandikia vitabu. "Mdoli ni kitu cha watoto," akasema. "Mtu mzima wa hivyo akaombewe." Kanisa likaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni mzee wa kanisa mmoja mwenye sanduku zima la jezi za Arsenal, ambazo wajukuu hawaruhusiwi hata kuzigusa.

Mimi sikucheka. Kama mdoli ni kitu cha watoto, nielezwe basi hili. Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, wanasaikolojia, waliwawekea watoto weusi midoli inayofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Yupi mzuri? Yupi mbaya? Wengi wakasema mbaya ni yule mweusi. Kisha wakaulizwa: na wewe unafanana na yupi? Wapo waliolia, wapo waliotoka chumbani mbio. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza kutenga wanafunzi kwa rangi, kazi ya Clark ikatajwa kwenye tanbihi ya 11 ya hukumu. Majaji tisa, watu wazima watupu, na hakuna aliyeshauri mtu akaombewe.

Kama ni kitu cha watoto, mchungaji mwenzake naye alikuwa anatafuta nini humo? Richard Henry Boyd, Mbaptisti wa Nashville, aliyezaliwa utumwani, alichapisha vitabu vya Shule ya Jumapili, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa anaagiza midoli myeusi kutoka Ujerumani, maana mingi iliyouzwa madukani ilikuwa vinyago vya kumkejeli mtu mweusi. Huyo naye tumwekee mikono?

Lakini linaloniuma hasa ni hili. Baada ya ghasia za Watts, Los Angeles, mwaka 1965, watu weusi wa pale waliungana, na 1968 wakaanzisha kiwanda cha midoli. Mdoli wao wa kwanza, Baby Nancy, alichongwa pua na midomo ya mtoto mweusi. Hakuwa mzungu aliyepakwa rangi ya kahawia. Kiwanda kikaitwa Shindana. Ndiyo, shindana hii hii yetu! Mdoli mwingine wakamwita Malaika. Kikafungwa 1983. Sisi wenye lugha, kila tarehe 7 Julai tunavaa fulana za Siku ya Kiswahili, tunakula pilau, tunagawiana vyeti, na sijawahi kusikia jukwaa hata moja likitaja kiwanda hicho. Waliolitunza neno letu, likiwa bado kwenye boksi lake, ni hao hao wa kuombewa. Barbara Whiteman alifungua jumba la makumbusho ya midoli myeusi Philadelphia tangu 1988. Sisi tulikuwa wapi?

Nikayasema haya nje ya kanisa. Mama mmoja akanijibu: "Mbona sisi tulichezea magunzi na hatukudhurika?" Hatukudhurika, anasema, na uso wake na vidole vyake havifanani rangi. Nikamuuliza binti yake ana mdoli gani. Wa Kariakoo, nywele za njano hadi kiunoni. Akaniaga haraka, eti daladala.

Magunzi nayajua. Wangu, bibi alimfunga kipande cha kanga kuukuu, akamsuka nywele za katani, mistari minne, kila mmoja umekazwa kwa uzi mweusi. Sijaona msuko ule tena popote. Siku moja kuni zilipopungua, shangazi alimtia motoni chini ya sufuria ya maharage. Nilipolia akashangaa kweli kweli: si kitu cha watoto tu?