Mzee alikuwa bado hajavuka mto

KIBARAZANI
Na Binti Kwaraa

Jumamosi iliyopita, hapa Sigino, Babati, MC alimnyang'anya maiki mzee aliyepigana Vita vya Kagera. Sisemi alimwomba. Alimnyang'anya, mbele ya watoto, wajukuu na majirani zake, akatangaza kuwa muda umekwisha, kisha akampa DJ ishara. Nimekaa na hasira hiyo wiki nzima na sina nia ya kuificha. Kumkatiza askari mzee anapowasimulia vita watu wa damu yake ni utovu wa adabu, na hakuna ratiba ya sherehe inayoweza kuuhalalisha.

Shughuli yenyewe ilikuwa ya kumuaga mjukuu wake, binti aliyemaliza kidato cha sita na anayekwenda JKT kwa mujibu wa sheria. Familia ilijipanga vizuri. Turubai lilifungwa uani, kando ya shamba la mbaazi, chakula kilikuwa cha kutosha, na tranka la binti liliwekwa mbele, wazi, kila mtu aone: bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba, shuka za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Shangazi zake walikuwa wakiongeza vitu kimoja kimoja kwa vigelegele, huyu sabuni, yule taulo, mwingine sweta maana kambi nyingine zina baridi. Spika za siku hiyo zilikuwa na kimo cha mlango.

Katika nyumba hiyo jeshi si jambo geni. Baba yake mzee huyo alikuwa Keya, askari wa jeshi la Mwingereza, akapelekwa Bama, yaani Burma, wakati wa vita vya Hitler, mmoja wa vijana zaidi ya 80,000 waliotolewa Tanganyika. Mzee mwenyewe aliondoka mwaka 1978 akiwa mwanamgambo, akamwacha mtoto wa kiume mdogo. Mtoto huyo alikua, akapita JKT mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla mafunzo ya mujibu wa sheria hayajasitishwa mwaka 1994 na baadaye kurejeshwa. Binti yake ndiye anayekwenda sasa. Ni kizazi cha nne, na ndiye mwanamke wa kwanza katika ukoo huo kuvaa kombati. Ndiyo maana familia iliwaita pia wazee wawili waliopanda lori moja na babu yake. Walikaa mstari wa mbele, makoti mwilini juani, fimbo kati ya magoti. Wasichana wadogo walikuwa wakiwapelekea maji na kuwaamkia, "Shikamoo aako," yaani babu, na wao wakiitikia kwa sauti ya watu waliojiandaa kusema jambo.

Mzee alipopewa nafasi hakuanza na yake. Alianza na ya baba yake: mvua ya bonde la Kabaw mwaka 1944, matope ya magotini, na jinsi alivyorudi nyumbani na koti zito la kijeshi ambalo watoto walilitumia kama blanketi hadi likaisha. Akaja kwake. Akasema alikuwa anatayarisha shamba Mwalimu Nyerere alipotangaza redioni, tarehe 2 Novemba, kwamba nduli Idi Amin atapigwa. Wakati huo Mkoa wa Manyara haujazaliwa, Babati ni sehemu ya Mkoa wa Arusha. Akaeleza lori, vumbi, safari ya kuzunguka ziwa, mkate mkavu. "Tukafika Kyaka," akasema, "tukakuta daraja limevunjwa, maji yanakwenda kwa kasi, na ng'ambo ya pili ndiko waliko ndugu zetu. Kamanda akatuita, akatuambia..."

"Makofi kwa mzee wetu!" MC huyo hapo, mkono wake juu ya maiki.

Mzee aliendelea kuzungumza. Hakuelewa. Midomo ilikuwa inacheza, muziki umekwisha funguliwa, na mwenzake mmoja ndiye aliyemvuta koti akae. Binti alikuwa amesimama pale pale aliposimama tangu habari ya Bama ilipoanza.

Nilimfuata MC nyuma ya turubai. Akanijibu, bila ubaya wowote usoni, "Mama, hizo habari za zamani zinaboa, watu wanataka kucheza." Nilimwambia, mwanangu, hao watu wanacheza juu ya ardhi iliyolindwa na mtu uliyemkalisha. Akanikodolea macho.

Na wapo wengi kama yeye, kwa hiyo niseme alichokikata. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni yake. Daraja la Kyaka walilivunja wao. Kiwanda cha sukari kiliharibiwa, ng'ombe wa ranchi wakaswagwa kwa maelfu, na raia wanaokadiriwa kufika 1,500 waliuawa. Jeshi letu lilikuwa dogo, kwa hiyo nchi iliwaita polisi, magereza, JKT na wanamgambo, wakulima na wafugaji waliofundishwa kushika bunduki kwenye viwanja vya shule. Hao ndio waliovuka. Walipita Mutukula, Masaka, Lukaya, wakaingia Kampala Aprili 1979, na wengine hawakusimama hadi mpaka wa Sudan mwezi Juni. Kisha wanamgambo wakarudishwa, wakashika majembe.

Nyumbani nako tulifunga mkanda. Miezi 18, Mwalimu alituambia, na sote tunajua iliendelea kuwa mingapi. Mama yangu alipanga foleni ya sukari duka la kaya tangu alfajiri, na aliporudi mikono mitupu hakumlaani askari hata mmoja. Shangazi yangu wa Bonga mpaka leo hamwagi sukari iliyobaki kwenye kikombe.

Tumefikaje kwenye kumzima mtu wa namna hii? Kwa sababu jeshi tumeligeuza ajira, basi. Baada ya chakula nilimwona kijana mmoja akichuchumaa mbele ya mzee yule yule, nikadhani anataka amalizie kisa. Alikuwa anamuuliza kama bado anafahamiana na afande yeyote wa kumsaidia jina lipenye. Mzee akatikisa kichwa, kijana akanyanyuka. Hakuuliza kingine.

Kila Julai 25 tunaadhimisha Siku ya Mashujaa. Naiheshimu siku hiyo. Nikiona mkuki, ngao, sime, upinde na shoka vinawekwa kwenye mnara, moyo wangu husimama wima. Lakini siku hiyo ni ya walioanguka, na mnara hauna mdomo. Walio hai wanao. Jenerali David Musuguri alipofariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, taifa zima lilikumbuka kwamba mtu mmoja aliingia Keya mwaka 1942 na akaja kuongoza Divisheni ya 20 dhidi ya Amin. Ilikuwa haki yake. Vitabu navyo tunavyo: Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, vita vikiwa bado vibichi, na Henry Muhanika akatunga utenzi wa vita hivyo mwaka uliofuata. Lakini mkulima wa Sigino aliogopa nini usiku wa kwanza handakini, alikula nini, nani alimfia mkononi, hilo liko kichwani mwake tu. Jumba la makumbusho ya vita la London lilianza kurekodi sauti za askari wake wazee tangu miaka ya 1970, hata wa vyeo vya chini kabisa. Sisi tuna simu za kurekodia mikononi, na tunarekodi keki ikikatwa.

Siku hizi shuleni kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Walimu wa Babati, wazee wako hapa, mwendo wa bodaboda. Waiteni darasani. Na viongozi wetu, Julai 25 ijayo, msiwaweke wazee juani wakisubiri hotuba zenu ziishe; anzeni nao, nyie mseme kwa dakika zitakazobaki.

Binti anaondoka wiki ijayo. Nimemwomba baba yake, ambaye tunaheshimiana tangu zamani, awaite tena wale wazee watatu kabla ya hapo, jioni, familia peke yake, ili mto uvukwe. Amekubali. MC naye anakaribishwa, na kiti cha mbele nitamwachia mimi. Aje bila maiki.